Kiuno cha Bwana Upana na Visheti vya Bi Hidaya

Mwenye chungu motoni aipue kwanza, ndipo aje akae, maana nikianza sitasimama kwa ajili ya harufu ya mtu kuunguza.

Habari hii ni ya Saumu binti Chande, mwanamke wa Tanga, mtaa wa Chumbageni, mfupi wa kimo na mfupi zaidi wa subira, aliyekwenda nchi ya Miimoni kumrudishia mama yake jina. Njia aliyopitia msiniulize. Alikwenda, akafika, miguu ikamvimba, yatosha.

Kisa chenyewe kilianzia jikoni. Mama yake, Bi Hidaya, alikuwa akikaanga visheti tangu Saumu hajaota meno. Visheti vyake vilikuwa na iliki ya kutosha na kitu kingine ambacho hakukitaja kwa mtu, na shira yake ilikauka nyeupe bila kushikana. Kila alipoombwa kuwasha jiko alikuwa na swali moja tu, hata kama aliyemwagiza ni mkuu wa wilaya: wageni wangapi? Akishajibiwa ndipo anapima unga. Hakuwahi kupungukiwa, wala hakuwahi kumwaga.

Katika chumba cha uani alikuwako mpangaji, Sefu Mapambo, bwana wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Alivila visheti hivyo miaka miwili, kodi akiilipa kwa ahadi, kisha asubuhi moja akaondoka na sinia la watu. Habari zake zilipokuja kusikika, Mapambo yuko Miimoni, anajitangazia visheti, na juu ya mlango wake kaandika kwa rangi ya dhahabu: Visheti vya Mapambo, Asili Yake Mapambo Mwenyewe.

Mtasema, na ajitangazie, kwani kuna nini? Kuna jambo, wenzangu. Miimoni ndiko dunia nzima inakochungulia. Mtu wa Mwanza akitaka kujua pilau hupikwaje, anachungulia Miimoni. Mtu wa Maskati akitaka kujua kinachomwasha mgongoni, anachungulia Miimoni, akitoka huko ana magonjwa saba. Kitu kikishapewa jina kule, basi, hata aliyekizaa huanza kukiita hivyo. Na sheria yao ni kwamba jina likigombaniwa huamuliwa Siku ya Majina, mara moja kwa mwaka, kwa kuangalia nani amepokea wageni, na likishaamuliwa halifunguliwi tena.

Bi Hidaya aliyasikia hayo akiwa kitandani, magoti yamemkatalia. Hakulia. Alimwita binti yake, akamkabidhi karai dogo na mfuko wa iliki.

"Mimi nimeibiwa vitu vingi, Saumu, na sikwenda polisi," alisema. "Lakini hili nenda kaniletee. Sitaki kufa nikiwa mgeni kwenye visheti vyangu."

Ndipo Saumu akafunga safari.

Sasa Miimoni, kama jina linavyosema, ni nchi ya miimo, ile miti miwili ya pembeni inayoshika mlango, na huko miimo ni mingi kuliko watu. Sheria yao ya kwanza inasema hakuna mtu kuonyesha kitu chochote kwa mtu yeyote ila kupitia mlango wa kukodi. Ukitaka kuuza kofia, kodi mlango. Ukitaka watu waone picha za harusi yako, kodi mlango. Saumu alimkuta bwana mmoja mwenye jipu shingoni akikodi mlango kwa nusu saa ili mkewe apate kumtazama, na mke mwenyewe amepanga foleni.

Kodi yenyewe hulipwa kwa vifungo. Vifungo hivi hivi vya nguo, na lazima vikatwe kwenye nguo ulizovaa. Kwa hiyo huko humwulizi mtu hali yake, unamtazama kifuani. Mwenye mlango hutembea na vifungo mpaka kwenye soksi. Mpangaji wa mlango mkubwa utamjua kwa mkono mmoja alioubana tumboni kushikilia nguo, na wa mlango mkubwa zaidi kwa mikono miwili. Saumu alivaa gauni lake la sikukuu lenye vifungo kumi vya lulu, zawadi ya mama yake, na tangu anavuka mpaka watu walimwita bibie.

Na milango hukodishwa kwa upana, na upana hupimwa kwa mtu. Ndiyo, mtu mzima mwenye jina lake la nyumbani, Mzee Ngwali, lakini kazini anaitwa Bwana Upana. Zamani walipima kwa kamba, wenye milango wakawa wanazivuta kamba, ukazuka ugomvi, Baraza likaamua kitafutwe kitu kisichovutika. Wakamteua mtu mnene mwaminifu. Mlango anaopita Bwana Upana barabara, viwiko vikigusa miimo bila kukwaruzika, huo ni upana mmoja. Mlango wa upana mbili, anapita, anasogea kando, anapita tena.

Kwa kuwa mikataba ya nchi nzima imekaa juu ya kiuno chake, hana ruhusa ya kunenepa wala kukonda. Hulishwa kwa kikombe mbele ya Kamati ya Kiuno: uji, maharage, nusu ya ndizi. Mwaka mmoja alishikwa na homa akakonda, na milango yote ya nchi ikazidi upana bila kuguswa, wapangaji wakatozwa nyongeza. Saumu alipofika, Baraza lilikuwa wiki ya tatu likijadili kama apimwe kabla ya chakula cha mchana au baada. Wenye milango walitaka kabla, maana mtu mwenye njaa hunywea na mlango ukaonekana mpana. Wapangaji walitaka baada. Mjumbe mmoja akapendekeza apimwe katikati, tonge likiwa mkononi, akapigiwa makofi, ikaundwa kamati ya kuamua ni tonge la ngapi, na kumpima yeye kiuno kukasimamishwa mpaka kamati irudi. Hili la kusimamishwa mlishike, tutalihitaji mbele.

Saumu alipokelewa na dalali mmoja aitwaye Shomvi, mwembamba, mwenye vifungo vinne na ulimi wa asali. Shomvi hakumwuliza anauza nini. Alimwuliza anataka aonekane mtu wa namna gani. Saumu akasema yeye ana visheti vya mama yake, mbona hamwulizi atapata wageni wangapi, ili ajue mlango gani unamfaa?

Shomvi alimziba mdomo kwa kiganja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta uchochoroni. Kule Miimoni, kumbe, kuwahesabu wageni, na hasa kutaja idadi yao kabla hawajafika, ni uchuro mkubwa. Ukiwahesabu hawaji, au wanakuja wakiwa wagonjwa, au anakuja mkweo. Zamani ilikuwa mwiko tu, lakini wenye milango waliupenda sana mwiko huo wakaufanya sheria, na faini yake ni kifungo kimoja kwa kila mgeni aliyetajwa. Hivyo nchi nzima watu hukodi milango bila kujua ya nini, kila mtu kwa kadiri ya majivuno yake au ya hofu yake. Moyoni Saumu alisema hawa watu ni wazima kweli?

Alianza na mlango wa bure, kwa kuwa yeye ni mtu wa Tanga na neno bure analielewa. Kweli haukuwa na kodi. Ila ndani yake alisimama jitu moja refu la mwenye mlango, kazi yake kuimba habari za dawa ya chunjua. Kila mgeni aliyeingia kutafuta visheti alishikwa bega akaimbiwa beti zote, na akijaribu kuondoka wimbo unaanza upya. Jitu lilikuwa na sauti nzuri, hilo Saumu hakulikana. Lakini watu walianza kumwomba visheti vya chunjua, bibi mmoja akavipaka kwenye kidole gumba, na hapo Saumu akafunga karai lake akahama.

Shomvi akampeleka kwenye mlango wa shirika, kifungo kimoja tu, ambao ndani yake wapangaji kadhaa huingilia pamoja na mkataba unawataka wapendane. Jirani yake alikuwa mwalimu wa tarumbeta. Siku za kazi mambo yalikwenda vizuri. Ijumaa wanafunzi wote wa tarumbeta wakaja kwa mpigo, kila mmoja na chombo chake na shangazi yake wa kumsikiliza, mlango ukafungana kabisa. Wageni wa visheti walisimama nje jua likiwapiga, wakisikia wimbo mmoja ukikosewa mara nyingi, wakaenda zao. Saumu alipolalamika, mwenye mlango alimjibu kwa upole kwamba upendo una gharama zake.

Hapo ndipo Saumu alipopita mbele ya lango la Sefu Mapambo, na nawaambieni, lilimchoma. Lango la upana kumi na mbili! Ng'ombe wangepita wamejipanga kama askari. Mapambo mwenyewe alisimama kizingitini, koti kalishika kwa mikono miwili maana halina hata kifungo, akamsalimu kwa kidevu.

"Saumu, mama hajambo?" akasema. "Mwambie visheti vyake vimefika mbali. Asinune, mimi nimevipa lango tu."

Saumu alibana karai kwapani lisije likamjibu. Alichungulia ndani. Lilikuwa jumba tupu lenye mwangwi, na mwisho wake kabisa, kwenye kabati la kioo, kisheti kimoja. Mapambo alikuwa amemaliza vifungo vyote kwenye lango, hana cha kununulia unga. Watu waliingia, wakatembea mwendo mrefu, wakakitazama, wakatoka. Lakini mjini wote walisema Mapambo ana wageni wasiohesabika, na kwa sheria ilikuwa kweli, hakuna aliyeruhusiwa kuwahesabu. Kila mtu alijua jina atapewa yeye.

Kwa hasira hiyo Saumu akafanya kosa la tatu, na hili ni la kwake mwenyewe, asimsingizie dalali. Alitaka mlango wa kumkomesha Mapambo. Shomvi akang'aa macho, akampeleka kwenye Mlango Usio na Kikomo, vifungo vitatu. Ulikuwa umefunikwa mapazia kila upande, hakuna aliyewahi kuiona miimo yake. Saumu akaona raha. Akawa anampa kila mgeni sahani nzima ya visheti, imerundikwa, imefunikwa kwa kawa, ili wajue Bi Hidaya si mtu wa kubana. Sifa zikaenea. Alasiri ya siku ya tatu ukaja umati, na hapo akatokea kijana mmoja nadhifu, akashusha kamba mbele ya mlango, akaomba radhi.

Saumu akamwuliza si waliambiwa hauna kikomo?

"Mlango hauna kikomo, bibie," alisema yule kijana. "Wenye kikomo ni watu. Mkataba wetu ni kwa wasioleta wageni wengi."

Basi Saumu alikaa chini pale pale, kando ya kamba, akalia. Alilia kwa uchungu hasa. Vifungo vimebaki sita, Siku ya Majina inakuja, na kila akifumba macho anamwona mama yake kitandani akivikaribia visheti vyake mwenyewe kama mgeni. Akajiuliza mama angefanya nini. Na jibu akalijua kabla hajamaliza kujiuliza, maana mama angefanya kile kile alichofanya siku zote. Angeuliza wageni wangapi.

Kuhesabu watu ni kosa, lakini hakuna sheria iliyokataza kukumbuka masinia. Saumu akafuta machozi kwa upindo wa gauni akaanza kukumbuka. Asubuhi hutoka sinia moja tena linasuasua. Mchana ni hivyo hivyo. Alasiri, watu wakitoka kazini na chai ikiwa jikoni, hapo ndipo moto. Akakumbuka na jambo la pili ambalo lilimtia haya: wageni waliingia bila shida yoyote. Waliokwama ni wanaotoka, kwa sababu kila mmoja alitoka na sahani kubwa mikononi, viwiko nje, mtu mmoja akichukua nafasi ya watatu. Na nyumbani waliobeba sahani hizo walikula visheti vitano, vingine wakampa mbuzi. Yeye ndiye aliyeuziba mlango, kwa ukarimu wa kujionyesha.

Alikwenda kwa Shomvi akamwambia anataka mlango wa upana mmoja, vifungo viwili, na kidirisha cha jirani kwa saa za alasiri tu, nusu kifungo. Shomvi alijishika tama kama aliyepewa habari ya msiba. Akamwambia dada yangu, mlango wa upana mmoja ni wa wasuka mikeka na wastaafu, watu watakuonaje? Saumu akamwambia wataniona wakipita. Kisha akakata karatasi vipande, akawa anafunga visheti vitano vitano kwenye vikaratasi vya kushika kwa vidole viwili, mgeni anaingia, anapokea, anasema jina la Bi Hidaya, anatoka. Mlango haukukwama tena, asubuhi wala alasiri.

Mlango mpya hauanzi kazi mpaka Bwana Upana aupite. Mzee Ngwali alikuja akihema, na kanzu yake ya serikali isiyo na kifungo hata kimoja, maana mhimili wa haki haulipi wala haulipwi. Akapita, viwiko vikagusa miimo kwa usawa kabisa. Kisha akasimama. Pua ikamcheza.

"Mwanangu," akasema polepole, "hiyo ni iliki?"

Saumu akamwamkia shikamoo, akasema ni iliki. Mzee akamweleza kwamba tangu ateuliwe hajaonja kitu kitamu, miaka na miaka, kwa faida ya taifa. Hakuomba. Alisimama tu akinusa, na Saumu, ambaye subira hana lakini roho anayo, akampa kikaratasi kimoja. Mzee akala akiwa amefumba macho, mashavu yakamlowa. Kesho yake akarudi kuukagua mlango. Kesho kutwa akaukagua tena. Baadaye alikuwa akiukagua asubuhi na alasiri, kila mara kwa uangalifu mkubwa, na kila mara akitoka hulitaja jina la Bi Hidaya kwa heshima kama la shangazi aliyemlea. Kamati ya Kiuno haikugundua kitu. Ilikuwa bado inabishana juu ya tonge.

Siku ya Majina ikafika. Mji mzima ulijaa barabarani, makoti yamebanwa. Msajili wa Majina, Bi Mwanakheri, mama mrefu aliyezoea kuogopwa, alitangaza kwamba jina la visheti linagombaniwa na wawili, na kama ilivyo desturi milango yao itapimwa kwanza hadharani.

Wakaanza na lango la Mapambo. Bwana Upana akapita, akasogea, akapita, akasogea, watu wakihesabu kwa sauti, kwa kuwa kuhesabu milango si kosa. Walipofika kumi, ukuta ukatokea. Wakarudia. Kumi. Vurugu lililotokea hapo sikwambii. Mapambo alipiga kelele kwamba kaibiwa upana mbili, akainua mikono yote juu, koti likafunguka, watu wakaiona fulana yake ilivyotoboka. Wenye milango wakapiga hesabu, wakatambua kwamba kama lango hili limepungua basi na milango yote ya nchi imepungua, wapangaji wote watadai vifungo vyao, na wawili wakazimia juu ya vifungo walivyonavyo. Bi Mwanakheri akagonga rungu lake, akaamuru kazi iendelee.

Wakaja kwa Saumu. Mlango wa upana mmoja. Bwana Upana akamtazama Saumu kwa macho ya kuomba msamaha, akavuta pumzi, akaingia. Bega likapita. Kifua kikapita kwa shida. Kiuno kikagoma. Akasukuma, akavutwa, miimo ikalia, na mzee akabaki pale, nusu ndani nusu nje.

 Bi Mwanakheri akasoma sheria bila furaha. Mlango usiofika upana mmoja si mlango, ni ufa, na ufa haupokei wageni. Kwa hiyo binti Chande hakuwahi kupokea mgeni, visheti vyake havijaonwa na mtu, na jina litakwenda kwa mwenye lango, hata likiwa pungufu. Saumu akatambua alichokifanya. Vile visheti alivyompa mzee kwa huruma ndivyo vilivyomzibia mlango. Akafikiria namna atakavyoingia chumbani kwa mama yake na kusema mama, sikuweza. Mapambo alikwishaanza kuinama kwa watu, koti kalishika kwa meno.

Hapo Bwana Upana akaomba kusema. Kwa kuwa kichwa kilikuwa ndani na watu wako nje, alilazimika kusema kwa sauti.

"Mheshimiwa Msajili, katiba inasema kiuno changu hakisemi uongo. Inasema hivyo au haisemi?"

Bi Mwanakheri akakiri kwamba inasema, ibara ya kwanza.

"Basi kiulizwe. Lango la Bwana Mapambo nimelipita leo mara kumi na mara kumi nyingine, sikutoka na hata chembe mdomoni. Mlango huu nimeingia, sitoki. Hii nyongeza yote mnayoiona hapa nimeipata kwa Bi Hidaya, kikaratasi kwa kikaratasi. Mnasema hakupokea mgeni. Mimi ni nani?"

Watu wakamtazama Bi Mwanakheri. Yeye akakitazama kiuno, ambacho kwa kweli kilikuwa kikitazamika. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akakitazama tena. Mwishowe akaamua kwamba Jamhuri haiwezi kukikana kiuno chake. Nyongeza iliyo juu ya kipimo rasmi ni ushahidi rasmi, na imetamka jina moja tu. Visheti ni vya Bi Hidaya wa Chumbageni, leo na daima, na maandishi ya dhahabu ya Mapambo yakwanguliwe kabla ya jua kuzama.

Saumu alikaa chini kwa mara ya pili, akalia kwa mara ya pili, safari hii kwa raha. Watu walimpaka mzee samli ubavuni wakamtoa, na mwimo mmoja ukang'oka naye. Siku hiyo hiyo Baraza lilikutana kwa dharura. Mtadhani walifuta ule mwiko, wakaruhusu mtu aulizwe anatarajia wageni wangapi kabla ya kukodi. Nani kawaambia! Waliazimia kumstaafisha Bwana Upana na kumtafuta mwembamba zaidi, ili milango yote ipanuke usiku mmoja na kodi ipande. Shomvi alikuja kumuaga Saumu, akamsogelea sikioni, akamwuliza ni siri gani alitumia. Saumu akamwambia. Dalali akajiziba masikio akakimbia.

Akarudi Tanga na vifungo vitatu na nusu kifuani, mbele kashika kwa pini. Bi Hidaya alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto. Saumu akamweleza yote, na mama hakutaka habari ya vifungo wala ya Baraza. Alitaka aambiwe tena pale Msajili alipolitaja jina. Saumu akarudia. Bi Hidaya akataka tena, na mara ya tatu akalisema yeye mwenyewe polepole, la kwake na la mtaa wake, kisha akaomba fimbo yake. Magoti yalimkatalia, yeye akayakatalia pia. Akafika jikoni, akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akavuta karai.

Saumu akamwambia, mama, nimekuja na mtu. Amestaafu, hana kwao, njia nzima ameniuliza kama utamkubali.

"Wageni wangapi?" akauliza Bi Hidaya, mkono uko tayari kwenye unga.

Saumu alizoea. Aligeuka kwanza kutazama kama kuna askari nyuma yake, ndipo akakumbuka yuko nyumbani, akajibu kwa sauti kamili kwamba ni mmoja. Bi Hidaya akapima kikombe cha mtu mmoja, akasawazisha kwa kidole kama kawaida yake. Wakati huo huo, kutoka mbele ya nyumba, wakasikia miimo ya mlango ikilia, na sauti ya mzee ikibisha hodi kwa adabu nyingi, kisha ikiomba msaada.

"Ongeza, mama," alisema Saumu.

Haya, rudisheni vyungu vyenu motoni.